Nakala na Asili: Kujifunza Kuchora kwa Rangi za Mafuta Baada ya Kustaafu

(Hotuba iliyosomwa jioni ya Jumamosi katika mkutano wa ukoo, Silver Spring, Maryland)



Awali ya yote naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Barua ya Kamati ilinitaka nizungumze kwa dakika ishirini juu ya jambo ambalo mstaafu amejifunza. Yamkini walitegemea nizungumzie mafao ya uzeeni, bima ya afya, au namna ya kulipa kodi ya nyumba. Mambo hayo ni muhimu, na wapo miongoni mwetu wanaoyajua kuniliko. Mimi nimechagua kuzungumzia picha moja ndogo ya mboga, na namna nilivyojifunza kuinakili kwa rangi za mafuta. Naomba mnivumilie, kwa sababu mwisho wa maelezo yangu nitaigusa ajenda ya tano ya mkutano wetu wa kesho, na ajenda hiyo si ya mchezo.

Wengi wenu mnafahamu kwamba maisha yangu ya kazi yalikuwa ya makaratasi. Nilianza mwaka 1981 kama karani wa masjala katika wizara moja jijini Dar es Salaam. Mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka 35, nilihamia Marekani, na baadaye nikaajiriwa katika serikali ya kaunti hapa Maryland, nikatumika huko mpaka nilipostaafu mwaka 2022. Katika miaka yote hiyo, neno nililoliandika kuliko jina langu ni neno "nakala". Nakala kwa Katibu Mkuu. Nakala kwa Mkurugenzi wa Utumishi. Wazee wenzangu wanakumbuka karatasi ya kaboni, ile nyeusi iliyochafua vidole, na mashine ya chapa iliyotakiwa kugongwa kwa nguvu ili nakala ya tatu isomeke. Wanakumbuka pia mhuri wa kuthibitisha kwamba nakala hii imelinganishwa na asili yake na kuonekana kuwa sawa. Kumbe masjala ilikuwa ikiniandaa kwa kazi ya uzeeni.

Baada ya kustaafu, mke wangu alinishauri nitoke nyumbani walau siku moja kwa juma, kwa faida yangu na kwa faida yake. Nikajiandikisha katika darasa la uchoraji kwenye kituo cha wazee kilicho karibu nasi, kila Jumanne asubuhi. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, na mimi peke yangu ndiye niliyetoka Afrika Mashariki. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, nami nimekwishakauka. Lakini mwalimu wetu, mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, alisema kwamba mkono wa mzee una jambo moja ambalo mkono wa kijana hauna, nalo ni kutokuwa na haraka.

Agizo lake la kwanza lilikuwa fupi. Kila mmoja achague picha moja nyepesi ya vitu vilivyotulia, iliyochorwa na fundi wa zamani, kisha aifanye upya kwa mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho. Picha za namna hiyo ni za vitu vya kawaida vilivyowekwa juu ya meza: mkate, mtungi, matunda, samaki. Waholanzi waliziita kwa neno lenye maana ya uhai uliotulia, na Wafaransa wakaziita maumbile yaliyokufa. Mimi nimelipenda zaidi jina la Waholanzi.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya rangi yenyewe. Kwetu ukisema "rangi ya mafuta", mtu hufikiria milango na madirisha. Hakukosea sana. Mwaka 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora pale Dar es Salaam akitumia rangi ya namna hiyo hiyo inayong'aa, juu ya vibao vya mbao zilizoshindiliwa, na kutokana na mkono wake ikazaliwa sanaa inayojulikana ulimwenguni kwa jina lake. Rangi ya mafuta ya wachoraji ni ndugu wa rangi hiyo. Ni unga wa rangi, mwingine wa udongo na mwingine wa madini, uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Haikauki kama maji yanavyokauka juani. Mafuta yale huvuta hewa ya oksijeni na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu, na tabaka lililo nene huweza kuchukua majuma kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo, kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kupata joto hadi kuwaka moto chenyewe. Wajukuu wanaotaka kujaribu nyumbani wakumbuke: vitambaa vitandazwe vikauke, au viwekwe katika kopo la bati lenye maji na kufunikwa.

Picha niliyoichagua imo katika Jumba la Taifa la Sanaa, National Gallery of Art, hapa Washington. Wageni wetu ambao hawajafika huko wasiondoke bila kufika. Jumba hilo lilitokana na zawadi ya tajiri Andrew Mellon kwa taifa, Bunge la Marekani likaipokea mwaka 1937, na milango ikafunguliwa tarehe 17 Machi 1941. Kuingia ni bure. Mtu hupanda treni ya Metro, Njia Nyekundu, kutoka hapa Silver Spring hadi kituo cha Judiciary Square, kisha hutembea kidogo tu kuelekea kusini. Nilikuwa nimekaa miaka mingi katika eneo hili nikiliona jumba hilo kwa nje.

Picha yenyewe ni ya mwaka 1696, na mchoraji wake ni Mholanzi aitwaye Adriaen Coorte. Ni ndogo, mtu angeweza kuibeba kwapani. Ndani yake mna ukingo wa jiwe, na juu ya ukingo huo fungu moja la asparagasi, zile shina changa ambazo watu wa Ulaya hula kama mboga, limefungwa kwa kamba. Kando yake pana kishada cha matunda madogo mekundu kama shanga. Nyuma ni giza tupu. Hakuna zaidi. Nilipoliona fungu lile lilivyobanwa kiunoni, nilikumbuka mizigo ya majani ya ng'ombe ambayo mama zetu walitoka nayo tambarare, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Sikuwa nimewahi kula asparagasi, lakini fungu nililitambua.

Kuhusu maisha ya Coorte, habari ni chache mno. Picha zake zenye tarehe ni za kati ya miaka ya 1680 na mwanzoni mwa miaka ya 1700. Huko Middelburg imebaki kumbukumbu ya chama cha mafundi wa uchoraji kwamba alitozwa faini kwa kuuza picha zake bila kuwa mwanachama. Hebu fikirini, ndugu zangu: mtu amefanya kazi ambayo leo inahifadhiwa na taifa kubwa, na katika masjala ya mji wake faili lake ni stakabadhi ya faini. Baada ya kufa alisahauliwa kwa zaidi ya miaka mia mbili, mpaka wataalamu wa karne ya ishirini walipoanza kumtafuta upya. Nami, kama karani, nilijisikia nina wajibu kwake.

Sasa kazi ilikwenda hivi. Jumba hilo huruhusu watu kuchukua bila malipo taswira za picha zake nyingi kupitia intaneti, kwa hiyo mwanangu alinichapia moja kwa ukubwa wa kutosha. Nikaigawa kwa mistari katika miraba, nikaigawa turubai katika miraba hiyo hiyo, na kuhamisha mchoro mraba baada ya mraba kwa chaki. Turubai huwa imepakwa kwanza jeso, ule weupe wa kuzuia mafuta yasilile kitambaa, na juu yake nilipaka hudhurungi nyembamba. Mwalimu alituruhusu rangi sita tu: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo, hudhurungi, nyekundu na buluu. Alisema anayeanza na rangi thelathini hujifunza kununua, na anayeanza na sita hujifunza kuchanganya.

Kisha likaja tabaka la kwanza, ambalo mafundi wa zamani waliliita rangi mfu. Katika hatua hiyo mchoraji hashughulikii uzuri. Anatafuta tu mahali penye mwanga na mahali penye kivuli, kwa rangi iliyochujuka. Picha ya kila mwanafunzi ikifika hapo ni mbaya. Inafanana na kitu kilichozikwa kikafukuliwa. Wanafunzi wawili wa darasa letu waliacha kuja katika juma hilo. Mwalimu aliniambia kwamba kila mwaka huwapoteza watu katika tabaka hilo hilo, kwa kuwa wanadhani wameona mwisho wa kazi, hali wameona msingi.

Baada ya hapo hufuata matabaka mengine, na kanuni yake ni moja: tabaka la chini liwe konda, la juu liwe na mafuta zaidi. Ukigeuza, la juu hukauka kabla ya la chini, na lile la chini likiendelea kujivuta, picha hupasuka. Nimekaa serikalini miaka mingi, na naweza kusema kanuni hiyo haihusu uchoraji peke yake.

Lakini funzo kubwa lilikuwa katika rangi nyeupe. Asparagasi za picha ile ni nyeupe. Hivyo ndivyo mtu yeyote angesema. Mwalimu alinipa kipande cha karatasi chenye tundu dogo, akanitaka nitazame picha kupitia tundu hilo, sehemu moja moja, bila kuona ni kitu gani. Nilichokiona hakikuwa nyeupe. Kilikuwa kijivu, kikawa manjano hafifu, kikawa hudhurungi pale mashina yanapokutana, na zambarau kidogo kwenye ncha. Nyeupe halisi ilikuwa mahali pachache kabisa, nyembamba kama uzi, pale mwanga unapogusa. Halafu alituagiza tugeuze picha kichwa chini, miguu juu, tuchore hivyo. Picha ikigeuzwa, akili haipati tena jina la kulishika, na mkono hulazimika kufuata jicho.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina la kitu hukifunika kitu. Karani huishi kwa majina: akishaandika "Ardhi, Viwanja, Namba 14" juu ya jalada, jalada huwekwa rafuni na hakuna anayelitazama mpaka pazuke kesi. Ndivyo tunavyoishi na vitu, na aghalabu ndivyo tunavyoishi na watu. Tunasema huyu ni nesi, huyu ni dereva, yule ni mtoto aliyezaliwa huku asiyejua Kiswahili, na jalada limefungwa. Anayenakili picha kwa uaminifu hulazimika kulifungua jalada kila asubuhi na kuuliza tena: hapa pana nini hasa?

Najua wapo watakaouliza: kunakili kuna heshima gani? Swali hili lina uzito, na limeulizwa na mtu mkubwa wa kwetu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, aliyesoma sanaa Makerere na kuanzisha kituo cha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa onyo lake kwamba msanii asiige, kwa maana kuiga humlaza Mungu usingizi. Ni onyo zito, na kwa jirani wa Mlima mmoja naye si rahisi kulipuuza.

Kwa upande mwingine, wazee wetu walisema: mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Hakuna mtoto aliyejifunza kutembea kwa kubuni mwendo wake mwenyewe. Tingatinga mwenyewe alikusanya vijana na jamaa zake, wakajifunza kwa kumtazama na kufuata mkono wake. Alipofariki mwaka 1972, ni wao walioiendeleza kazi, wakavuta wengine, na mwaka 1990 wakaanzisha chama cha ushirika kwa jina lake. Asingenakiliwa, sanaa yake ingekwisha kwa miaka minne tu.

Nimetafakari sana mambo haya mawili, na jibu nililipata katika taratibu za jumba lile la Washington. Tangu lilipofunguliwa, jumba hilo limekuwa na mpango wa kuwaruhusu wachoraji kuketi mbele ya picha na kuzinakili. Huwapa hata kiegemezo cha turubai. Sharti moja wapo ni kwamba nakala isiwe na ukubwa ule ule wa picha asilia. Lazima iwe kubwa zaidi au ndogo zaidi kwa kipimo kilichowekwa. Niliposoma sharti hilo nilicheka peke yangu, kwa kuwa nililitambua mara moja. Ni mhuri wetu wa masjala! Nakala inaruhusiwa, inaheshimiwa, hata inasaidiwa, mradi ijitangaze kuwa ni nakala. Kilichokatazwa ni nakala inayojifanya asili.

Basi naelewa onyo la Mzee Njau hivi: hatari imo katika kunakili na kuishia hapo, kisha kuuza usingizi wako kama kazi yako. Kunakili darasani ni jambo jingine. Aidha, kitu kimoja hakichoki kwa kuchorwa mara mbili. Mwaka 1880, miaka 184 baada ya fungu la Coorte, Mfaransa Édouard Manet naye alichora fungu la asparagasi. Aliliuza kwa faranga 800, na mnunuzi, Charles Ephrussi, akampelekea 1,000. Manet akachora shina moja peke yake, akalituma likiwa na ujumbe kwamba hili lilipungua katika fungu. Mboga ile ile, lakini hakuna anayeweza kuzichanganya kazi za watu hao wawili. Mkono wa kila mmoja unajitambulisha.

Nilimaliza nakala yangu baada ya miezi mitano. Ni kubwa kidogo kuliko asili, na nyuma yake nimeandika kwa mwandiko wa masjala: "Nakala kutoka kwa A. Coorte, 1696", na jina langu, na tarehe. Imetundikwa jikoni kwetu. Mwalimu alipoitazama hakunipongeza sana. Alisema tu: "Sasa weka meza yako."

Ndipo nikaweka meza yangu. Niliweka kikombe cha bati, ndizi mbili mbivu kutoka duka moja la Wheaton, na ile kata ya kibuyu ya kunywea mbege ambayo marehemu mama alinipa nilipokuwa naondoka mwaka 1994. Kata hiyo imekaa juu ya kabati letu zaidi ya miaka thelathini. Kila mgeni aliyeuliza nilimjibu: ni kata, ya kwetu. Nilipoanza kuichora kwa ule utaratibu wa Coorte, mwanga upande mmoja na giza nyuma, nikaona kwamba chini ya ukingo wake pana ufa mrefu kama kidole, na ufa huo umeshonwa. Umeshonwa kwa uzi mwembamba, mishono tisa, iliyopangwa sawasawa kama mishono ya daktari. Ili kuichora ilinibidi niihesabu.

Usiku ule nilimpigia simu dada yetu mkubwa huko Marangu, yeye ambaye ameketi hapa mbele yenu leo. Akaniambia kwamba aliyeshona ni babu. Kata ilipasuka siku ya kutoa mahari ya shangazi yetu mkubwa, na babu hakutaka itupwe, kwa kuwa ilikwishanywewa na pande zote mbili. Akasokota uzi wa katani, akaishona yeye mwenyewe kwa sindano ya kushonea magunia ya kahawa, mbele ya wakwe, watu wakisubiri. Dada alikuwa mtoto wa miaka saba, ndiye aliyemshikia taa ya kandili. Habari hiyo hakuna aliyewahi kuiandika. Wanaoijua kwa macho yao amebaki mmoja. Naomba vijana wamtafute dada baada ya chakula, wamuulize mengine.

Picha ile ya kata nimeileta, iko pale mezani karibu na daftari la mahudhurio. Mishono yote tisa imo. Haijapakwa vanishi bado. Mafuta yanahitaji miezi sita hadi mwaka kabla ya kufunikwa, kwa hiyo tafadhali watoto wasiiguse.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafikia ajenda ya tano. Kama mnavyojua, binti yetu mmoja ameomba msaada wa Mfuko wa Elimu ili akasomee uchoraji, na katiba ya Umoja wetu husema Mfuko utasaidia "taaluma zenye ajira ya uhakika". Kamati haikuafikiana, na suala limeletwa kwenu kesho saa nne asubuhi.

Sitaki kulipamba jambo hili. Fedha za Mfuko hazikuokotwa. Zimetoka kwenye zamu za usiku za wauguzi wetu, kwenye teksi, kwenye maegesho ya magari wakati wa theluji, na wapo hapa waliochanga kabla ya kujinunulia koti. Wana haki ya kuuliza fedha zao zinakwenda wapi. Wala siwezi kuahidi kwamba sanaa hulipa. Nimekwishawaeleza habari za Coorte na faini yake.

Hata hivyo, wanaosema kwamba mchoraji hawezi kuwa mtu wa kutegemewa watazame karibu. Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa mchoraji aliyesoma Makerere na London, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ndiye aliyekuwa Balozi wetu wa kwanza Uingereza. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Mbege yetu, ndugu zangu, imehifadhiwa New York! Na hapa hapa Washington aliishi Bibi Alma Thomas, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Howard wa mwaka 1924. Alifundisha sanaa katika shule ya Shaw kwa miaka 35, akastaafu mwaka 1960, na baada ya kustaafu ndipo alipofanya kazi zake kubwa. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kupewa maonyesho ya peke yake katika jumba la Whitney huko New York. Mwaka 2015 picha yake moja ilitundikwa katika chumba cha kulia cha Ikulu ya Marekani. Alikuwa na mshahara maisha yake yote ya kazi. Ajira na sanaa si maadui.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza, kifungu kile kirekebishwe kiseme "taaluma na ufundi ambao mwanafunzi ameonyesha kuuweza na kuuvumilia", na binti yetu apimwe kwa kipimo hicho kama angepimwa anayeomba kusomea uuguzi. Atuonyeshe kazi zake, na hasa zile za tabaka la chini, tuone kama ni mtu wa kuendelea. La pili, kila atakayesaidiwa katika sanaa autolee ukoo kazi moja kila mwaka: achague kitu kimoja katika nyumba ya mmoja wetu, popote alipo, akichore kwa uaminifu, na aandike nyuma yake habari za kitu hicho kama zitakavyosimuliwa na wenye nyumba. Katika miaka minne tutakuwa na vitu vinne na habari nne ambazo leo zimekaa juu ya makabati.

Na kwa sisi wazee nina ombi dogo. Watoto wetu waliozaliwa huku wanatunakili. Wanajaribu salamu zetu, wanajaribu Kiswahili chetu, wanakosea ngeli, na mara nyingi meza nzima hucheka. Wao wako kwenye tabaka la kwanza, ambalo kwa kila mtu ni baya. Tukicheka sana wataacha kuja, kama wale wanafunzi wawili wa darasa letu. Tuwaache wanakili, mshono kwa mshono, na siku moja watafika mahali pa kuweka meza zao wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha, na naona wapishi wananitazama. Nawatakieni mkutano mwema, na kesho tupige kura kwa amani.